DAFTARI LA DENI NA MAFUTA YA MJANE

Somo: 2 Wafalme 4:1-7



Kati yetu hapa Mubi kuna wafanya biashara wengi. Kuna mama wa mchele na mawese, kuna wenye butike, kuna wanunuzi wa madini, kuna vijana waliosoma mambo ya hesabu. Wengine wanasoma vitabu vya biashara, na wengine wanawauliza: Je, vitabu hivyo si vya kufundisha kupenda fedha? Leo Neno la Mungu litujibu.

Mjane alimlilia nabii Elisha. Mume wake alikufa na deni, na mdai amekuja kuchukua watoto wawili wawe watumwa. Nabii alimwuliza: Una nini nyumbani? Alikuwa na chupa moja ya mafuta. Muujiza ulipotokea, vyombo vikajaa. Lakini angalieni neno la mwisho la nabii: uza mafuta, lipa deni, kinachobaki kikulishe wewe na watoto. Elisha hakumwambia akimbie deni. Hakumwacha pia mikononi mwa mdai. Huruma yake ilikuwa na hesabu ndani yake.

Basi kitabu kizuri cha biashara kinafanana na swali hilo la nabii. Nitataja kimoja. Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi kule Bangladesh, alitoa mwaka 1997 kitabu cha Kifaransa kiitwacho Vers un monde sans pauvreté. Anaeleza kwamba mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra, alimkuta mama akitengeneza viti vidogo vya mianzi. Mama huyo hakuwa na fedha za mianzi. Alikopa kwa mchuuzi, na kwa sababu ya deni alilazimika kumuuzia mchuuzi huyohuyo viti vyake, kwa bei ambayo mchuuzi aliitaka. Faida yake ya siku nzima ilikuwa kama senti mbili za dola. Walipohesabu, watu 42 wa kijiji walikuwa katika hali hiyo, na deni lao lote halikufika dola 27! Yunus aliwakopesha, nao wakauza mahali penye bei nzuri. Kutoka hapo ilizaliwa benki ya Grameen mwaka 1983, na mwaka 2006 alipewa zawadi ya Nobel ya amani.

Wandugu, je, hadithi hiyo ni ya mbali? Tangu mwaka 2002 kasiteriti ya Bisie ilibebwa kwa mgongo porini mpaka Njingala, ikafika hapa Mubi, ikaruka kwa ndege ndogo kutoka barabara ya Kilambo kwenda Goma. Mchimbaji alipewa chakula na vyombo kwa deni kabla ya kuchimba. Aliyemkopesha ndiye aliyenunua mawe yake, ndiye aliyeshika mizani, ndiye aliyesema bei. Mambo ya Bisie yamebadilika, kampuni ya Alphamin inatoa madini kwa mashine tangu 2019. Lakini desturi ya mkono mmoja kushika deni na bei bado inaishi sokoni na mashambani.

Msidhani tena kwamba kitabu kinaokoa. Katika jimbo la Andhra Pradesh kule India, mwaka 2010, kampuni za mikopo midogo zilishitakiwa kwa kuwasumbua maskini mpaka wengine wakajiua, na serikali ikaingilia. Jina zuri la huruma liligeuka fimbo. Kwa hiyo, ukisoma kitabu cha biashara, jiulize katika kila ukurasa: nani anabeba mzigo wa faida hii?

Mambo matatu tuyashike:

1. Deni liandikwe mara mbili, karatasi moja kwako na moja kwa mwenye kukopa, ili asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake.

2. Aliyekopa awe huru kuuza mahali anapopenda. Akulipe fedha yako. Jasho lake si mali yako.

3. Usichukue jembe wala mashine ya kushona kuwa rehani. Torati inakataza kuchukua jiwe la kusagia (Kumbukumbu 24:6), kwa maana ni kuchukua uhai wa mtu. Naye bila chombo atakulipa na nini?

Mwezi wa tatu 2025, M23 ilipoingia Walikale, watu wengi walikimbia. Mtu akirudi mikono mitupu, jina lake lingali katika daftari yako. Utafanya nini? Usimwite mwizi mbele ya watu. Kaa naye, umwulize kama Elisha: una nini nyumbani? Mpe muda, mpunguzie, na kama una uwezo umwongezee kidogo aanze tena. Mwenye hesabu nzuri ndiye anayejua kiasi anachoweza kusamehe bila kufunga butike yake. Ndiyo sababu tunasema: jifunzeni hesabu! Asiyejua hesabu huahidi huruma asiyoweza kuitimiza.

Ee Bwana, uliyejaza vyombo vya mjane, fungua macho yetu tunaposoma, na mikono yetu tunapopima. Daftari zetu zisiwe ushuhuda juu yetu siku ile.

Amina.