Viganja Vinne Juu ya Barafu



Vijana wenzangu, leo nataka kuungama jambo hadharani. Sakramenti ya Kitubio nilishaipokea, msiwe na wasiwasi. Ila kuna mambo ambayo ukishasamehewa bado yanakudai uyasimulie, labda yatamfaa mwenzako.

Mwaka wa uchungaji nilitumwa Duluth, jimbo la Minnesota, kaskazini kabisa mwa Marekani. Mji umejengwa kwenye mteremko unaoshuka hadi Ziwa Superior, na kwa wastani hupata zaidi ya mita 2 za theluji kwa mwaka. Mimi natoka Njombe. Nilidhani baridi naijua, maana kwetu Juni na Julai unaamka unakuta majani meupe kwa barafu. Aisee, sikuwa naijua. Yesu aliwaambia wanafunzi wake waombe kukimbia kwao kusitukie wakati wa baridi (Mt 24:20). Mstari huo nilikuwa nausoma haraka haraka kila mwaka. Siku hizi siusomi haraka.

Parokiani kulikuwa na kijana wa kwaya, fundi magari, mwenye Ford Mustang. Gari jekundu, la chini, injini ya lita 5, nguvu farasi zaidi ya 400, na nguvu yote hiyo inapelekwa magurudumu ya nyuma. Theluji ilipoanza kuanguka alilileta kwenye gereji ya parokia lilale hadi masika. Akanipa ufunguo: "Frateri, liwashe mara moja kwa wiki. Lakini usilitoe nje." Sababu hakunieleza, nami sikuuliza. Nilikuwa na shahada ya falsafa. Ningeulizaje swali dogo hivyo?

Ijumaa ya kwanza ya Desemba paroko alikuwa safarini na mimi nilitakiwa kuwapelekea wagonjwa Komunyo. Gari la parokia likagoma kuwaka, betri imekufa kwa baridi. Ufunguo wa Mustang ulikuwa mfukoni. Nikajiambia: wagonjwa wanamsubiri Bwana, nitawaachaje? Ona jinsi shetani anavyojua katekesi. Ukweli ni kwamba ningeweza kumpigia simu mzee yeyote wa parokia anipeleke. Nilitaka kuliendesha lile gari. Tena kabla sijatoka nilipiga picha nimeshika usukani, nikaituma kwenye kundi la wenzangu wa seminari. Kikopo cha Ekaristi kilikuwa kifuani pangu, ndani ya koti, wakati napiga picha ile.

Kushuka kuelekea ziwani nilienda taratibu, kama kilomita 40 kwa saa. Taa mbele ikawa nyekundu. Nikakanyaga breki. Breki zikatetemeka chini ya mguu kama mashine ya kusaga, na gari halikusimama. Nikakata usukani kulia, gari likaendelea kwenda mbele vilevile, kana kwamba usukani ni wa mtu mwingine. Pembeni ya barabara alikuwa mama na mtoto wake, wanakaribia kuvuka. Nilimwona akimvuta mtoto kwa kofia ya koti. Halafu gari likageuka ubavu, likapita taa, likaingia kwenye lundo la theluji pale kona. Kimya.

Hakuna aliyeumia. Nilishusha kioo niombe radhi. Mama yule alinitazama, akaona msalaba mdogo kwenye kola ya koti, akanitazama tena usoni. Hakusema neno. Akamshika mtoto mkono wakaondoka. Sijui jina lake hadi leo. Namwombea, na ninaomba yale macho yake nisiyasahau haraka.

Fundi alipokuja swali lake la kwanza lilikuwa: "Kuna mtu ameumia?" Bampa lilikuwa limepasuka, hakuliangalia. Kisha akachuchumaa, akaniambia nishike tairi. Nikalishika. Lilikuwa gumu kama ubao.

Hapo ndipo akanieleza, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Tairi za kiangazi, zile za magari ya spoti hasa, zimetengenezwa kwa mpira unaonata barabara ikiwa na joto. Hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira ule unaanza kukakamaa. Kwa macho huoni kitu. Tairi ni jeusi vilevile, mifereji yake ina kina, wala si kipara. Limekuwa gumu tu, na kitu kigumu hakiishiki barabara. Tairi la baridi lina mpira wa aina nyingine, unaobaki laini hata kwenye baridi kali, na uso wake umechanjwa vijistari vidogo vidogo vya kung'ata theluji. "Gari zima," akasema, "linaishika dunia kwa sehemu nne tu, kila moja kama kiganja chako. Injini haijui kusimama. Breki nazo zinasimamisha magurudumu. Gari linasimamishwa na vile viganja."

Vijana, mimi nilisimama pale na shahada yangu nikaona nimesomewa maisha yangu. Nilikuwa nahubiri vizuri. Masifu sikukosa. Kwa nje mifereji yote ilikuwa na kina. Lakini tangu Oktoba hivi nilikuwa nasali bila kuguswa, nawatembelea wagonjwa kama mtu anayetia alama kwenye orodha, na hakuna aliyejua, hata mimi mwenyewe. Nabii Ezekieli anasema Mungu atauondoa moyo wa jiwe na kutupa moyo wa nyama (Eze 36:26). Zamani niliona ile nyama kama udhaifu Mungu anaoturuhusu. Kumbe ulaini ule ndio unaoshika.

Kuna jambo jingine alilonifundisha, nalo lilinishangaza zaidi. Nilidhani siku mbaya kuliko zote ni ile ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Hapana. Barafu kavu ya baridi kali ina mshiko kidogo. Inayoteleza vibaya ni ile iliyo karibu na sifuri, jua limetoka, juu kuna unyevunyevu, na watu wamevua glavu wanafurahi. Nikakumbuka Kanisa la Laodikia kwenye Ufunuo, lile ambalo si baridi wala si moto. Miaka yote nilijiuliza kwa nini Bwana anaona afadhali hata ubaridi. Sasa ninayo picha yake kichwani. Aliye baridi kabisa anajua yuko hatarini, anatembea kwa tahadhari. Sisi wa vuguvugu tunakanyaga mafuta.

Fundi hakunikasirikia, na hilo liliniuma kuliko ukali. Januari alifunga tairi nne za baridi kwenye Mustang, nyembamba kuliko zile za mwanzo, maana tairi pana huelea juu ya theluji na jembamba huikata. Akatupia mifuko ya mchanga kwenye buti ili nyuma pawe pazito. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi akanipeleka kwenye maegesho matupu ya duka kubwa, akaniambia: "Sasa liteleze kwa makusudi." Niondoke kwa gia ya pili, mguu uwe mwepesi kama nakanyaga yai. Nyuma ikichomoka, niachie mafuta, nisivamie breki, nielekeze usukani kule ninakotaka kwenda. Tulirudia hadi mikono ikaanza kujua kabla ya kichwa.

Wenzangu mliosoma falsafa mnajua Aristotle alisema nini kuhusu tabia njema, kwamba huzaliwa kwa kurudia matendo, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino akalipokea hilo. Nililiandikia mtihani nikafaulu. Ila pale maegeshoni ndipo nilipojua kwamba gari likishaanza kuteleza hakuna muda wa kufikiri. Unatumia ulichokwisha kuwa nacho. Kijana anayengoja jaribu lifike ndipo aamue kama ataangalia simu ile usiku au hataangalia, amechelewa kama nilivyochelewa kwenye ile taa nyekundu. Fanya mazoezi Jumamosi, palipo patupu.

Tena alikuwa akinipigia kelele: "Usiangalie nguzo ya taa! Ukiiangalia utaigonga." Kweli, mikono hufuata macho. Ninyi wenyewe mtajua hilo linahusu nini maishani mwenu. Mimi nilijua langu.

Katekisimu inaita busara mwendeshaji wa gari la fadhila (KKK 1806). Nguvu unaweza kuwa nayo, bidii pia, lakini bila huyo wa kwenye usukani unafika lundoni. Na namba 2290 haifichi kitu: anayehatarisha uhai wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi anabeba hatia nzito. Sisi huwa hatuungami mambo haya. Nani kati yetu ameshawahi kumwambia padre, "Nilimpakia dada yangu kwenye bodaboda nikakimbia ili anione shujaa"? Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa hata amri kumi za madereva, na moja inakataza gari lisiwe alama ya ubabe na nafasi ya dhambi. Nilipoisoma nilifikiria ile picha. Kwenye kundi walikuwa wamenibatiza "Frateri wa Mustang", na nilikuwa nimecheka nao.

Sijawaambia kuhusu yule bibi.

Siku ile ya ajali, gari la kuvuta lilipoondoka, nilikuwa bado na Bwana kifuani. Nyumba ya mgonjwa wa kwanza ilikuwa juu ya kilima. Nikapanda kwa miguu, kama dakika 40, theluji inaingia kwenye viatu. Nilisali rozari, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi niliisali kweli, maana kila hatua niliomba nisianguke Naye. Bibi alikuwa amewasha mshumaa tangu saa nane, umebaki kipande. Hakuuliza nimechelewa kwa nini. Alitazama viatu vyangu akasema, "Umekuja kwa miguu kwenye baridi hii, kwa ajili yangu?"

Nikasema ndiyo. Hayo mengine sikuyasema. Nilimpa Komunyo, nikakaa naye hadi mshumaa ukaisha.

Wiki iliyofuata nilirudi nikamweleza yote, hadi picha. Alicheka sana, halafu akanishika mkono, akaniambia wakati wa ujana wake na yeye aliwahi kuvunja taa ya mbele ya gari la baba yake.

Tuombeane.