Nauli ya Kumfuata Mwimbaji

Je, mtu aipendaye sauti ana wajibu wa kumfuata mwenye sauti alipo? Kwa mkaazi wa Mji Mkongwe swali hili huonekana jepesi, kwani akitaka kusikiliza taarabu hupita vichochoro viwili vitatu akafika. Lakini na liulizwe Msimbati, kwenye Ghuba ya Mnazi, pembe ya mwisho ya mwambao wa Tanzania kabla ya mlango wa Mto Ruvuma. Hapo uzito wake hudhihirika.

Achukuliwe kwa mfano mwanamke mkulima wa korosho wa kijiji hicho, katika miaka ya 2000, ambaye moyo wake umetekwa na Bi Kidude. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, hufanyika Unguja mwezi wa Februari, wakati ambapo korosho zimekwishauzwa na fedha bado ipo mkononi. Mwanamke huyu aanze kwa njia ya mchanga hadi Mtwara mjini. Kisha apande basi la Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 550. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, magari yalivushwa Mto Rufiji kwa kivuko, na mvua zikinyesha abiria waliweza kulala njiani siku kadhaa. Hata baada ya daraja, vipande vya njia vilibaki kuwa tope kwa miaka. Akifika Dar es Salaam, bado bahari inamngoja. Yote hayo ni kwa ajili ya usiku mmoja ndani ya Ngome Kongwe, na huenda kwa nyimbo tatu au nne tu.

Wapo watakaosema kuwa hiyo ni israfu, na hoja yao si dhaifu. Sauti ile imo katika kanda, na redio huileta hadi barazani bila ya nauli. Tangu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake katika santuri, sauti ya Kiswahili iliachana na mwili wa mwenyewe. Ilianza kusafiri peke yake, ikaingia nyumba ambazo mwimbaji hakuwahi kuzikanyaga. Tena mapenzi ya mbali si mapenzi ya uongo. Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1964, na nyimbo zake ziliendelea kupendwa Afrika Mashariki kwa miongo mingi na watu ambao wasingeweza kumwona kamwe. Nani atathubutu kusema kwamba watu hao hawakumpenda? Ikiwa mapenzi hutimia kwa sikio, basi safari ya Msimbati ni fedha ya kaya iliyotupwa baharini.

Hata hivyo, hoja hii inahesabu kile tu anachokipokea msikilizaji, na kusahau kile anachokitoa. Wajuzi wa taarabu wanaelewa kwamba wimbo haukamiliki kinywani mwa mwimbaji. Hukamilika pale msikilizaji anapoguswa na ubeti ulioitaja hali yake, akanyanyuka taratibu, akapita mbele ya macho ya watu na kumtunza mwimbaji kwa mkono wake. Kitendo hicho ni shukurani, na pia ni ushahidi: nimesikia, na haya yaliyosemwa ni yangu. Kanda haina mkono wa kupokea. Inaweza kuchezwa mara elfu, na mara zote elfu msikilizaji akabaki mpokeaji tu. Kwa hiyo yule mwanamke hafuati sauti, kwani sauti anayo tayari nyumbani kwake. Anafuata nafasi ya kurudisha.

Na nafasi hiyo ina muda wake. Aliyempenda Jim Reeves alikuwa na deni lisilo na wa kulipwa, na udhuru wake ni wa kweli. Mwenye udhuru dhaifu ni yule aliyekuwa na uwezo na uhai wa mwimbaji wake, akasema mwakani. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na kwa wengi ile mwakani ikaishia hapo.

Lakini safari nayo ina hatari yake. Aliyetoka mbali hushawishika kudai thamani ya mwendo wake. Katika miaka hiyo, hasa baada ya Bi Kidude kupata tuzo ya WOMEX mwaka 2005, walikuwapo waliokwenda kuutazama umri wake na sigara yake, wakabishana ni mzee wa miaka mingapi huku wimbo ukiwapita. Wengine waliitaka sauti ya kanda itoke kifuani mwa ajuza, na ilipotoka nyingine, iliyokwaruzwa na miaka, wakajiona wamepunjwa. Huko si kumtembelea mtu, bali ni kukagua mali. Nauli haimnunui mwimbaji. Anayempenda kweli huikubali sauti aliyonayo siku ile, kama mtu anavyompokea mzazi aliyezeeka bila ya kumlaumu kwa kuzeeka.

Yupo pia mwenye kustahiki kukumbukwa katika hesabu hii, naye hayumo Ngome Kongwe. Bi Kidude hakuwa mwimbaji wa taarabu pekee. Alikuwa kungwi, na ngoma yake ya unyago ilijulikana kama zilivyojulikana nyimbo zake. Unyago wa Unguja unahusishwa na watu wa kusini mwa bara, Wayao, Wanyasa na Wamakonde, ambao wengi wao walipitishwa bandari za kusini, kama Kilwa na Mikindani, wakiwa watumwa, hadi soko la Zanzibar lilipofungwa mwaka 1873. Mwanamke wa Msimbati anayevuka bahari kuifuata ngoma hiyo anaipita njia ambayo waliotangulia waliipita bila ya hiari. Anachokwenda kukisikia ugenini kina undugu na kile kilichomfunda yeye mwenyewe nyuma ya ua wa kwao.

Hapa ndipo swali linapogeuka. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, ila mara nyingi walimwengu hufanya kinyume. Wa mbali hufungiwa safari, na wa jirani hupigiwa makofi mawili ya heshima, kisha husahauliwa. Si ajabu kwamba Mtwara ilihitaji tamasha, la MaKuYa, lililoanzishwa mwaka 2008, ili ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao zitazamwe kama sanaa na watu wanaoishi nazo. Ikiwa kuwapo mbele ya mwimbaji ni haki yake juu ya anayempenda, basi haki hiyo haianzi baada ya kilomita 550. Inaanza mlangoni.

Kwa hiyo israfu haipimwi kwa urefu wa njia. Nauli ni israfu inapotolewa kwenye ada ya mtoto au dawa ya mgonjwa, kwa kuwa hapo anayelipa si mwenye mapenzi. Ni israfu pia inapomrudisha mtu kiziwi. Mwanamke yule akirudi Msimbati, jioni moja akasikia ngoma ya jirani ikilia nyuma ya ua, asinyanyuke kwa kuwa yeye sasa ni mtu aliyemwona Bi Kidude, basi nauli yake imepotea yote. Akinyanyuka na noti yake ndogo mkononi, akaenda kumtunza kikongwe asiyejulikana nje ya kijiji, hapatakuwa na sababu ya kumwuliza Unguja alifuata nini.