Picha ya Pili ya Mtoto wa Kasansa



Watu wakisikia kuwa mtoto kapasuliwa kichwa akapona, huuliza: ni nani tabibu wake, na zimetoka shilingi ngapi? Ni wachache wanaouliza ni nani aliyemrudisha hospitali baada ya miezi mitatu. Nakuomba tulitazame swali hili la mwisho, kwani humo ndimo ulimo uzito wa dhamana.

Maradhi tunayoyakusudia ni ya kichwa kikubwa. Ndani ya ubongo wa kila mmoja wetu mna vyumba vya maji safi, yanayotengenezwa na kufyonzwa usiku na mchana. Njia ikizibika maji hujaa, vyumba hutanuka, na kwa kuwa fuvu la mtoto mchanga bado halijashikana, kichwa hukua kupita kiasi. Huko Uganda madaktari waliona kuwa wengi wa watoto hao walipatwa baada ya kuugua vikali katika siku zao za mwanzo. Si jini, si laana ya ukoo, wala mama mzazi hana dhambi inayolipwa kwa mtoto.

Dawa ya zamani ni mpira mwembamba unaopitishwa chini ya ngozi, kutoka kichwani mpaka tumboni, ili maji yateremke. Mpira huo umeokoa roho nyingi. Lakini huziba, na ukiziba mtoto aweza kufa kwa muda mfupi asipomfikia mpasuaji. Dkt. Benjamin Warf, Mmarekani aliyehamia Uganda mwaka 2000 na kufanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, aliiona khatari hiyo. Akatumia endoskopu, yaani kijiti chembamba chenye taa na jicho, akatoboa tundu dogo katika sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia nyingine, kisha akaiunguza ile nyama inayoyatengeneza. Mwaka 2005 alitangaza matokeo ya watoto 550. Kwa walio chini ya mwaka mmoja, kutoboa peke yake kulifaa kwa 47 katika kila 100. Kutoboa pamoja na kuunguza, kwa 66. Kazi hiyo ikaendelezwa na Dkt. John Mugamba wa Uganda.

Hapo ndipo kinapoingia kipimo cha MRI, ambacho hutumia sumaku na mawimbi ya redio bila ya miali ya eksirei. Kabla ya upasuaji picha yake humwonyesha daktari njia imezibika wapi, na kama chini ya ile sakafu pako wazi au pamejaa makovu. Makovu yakizidi, huenda tundu lisifae kitu. Baada ya upasuaji humwonyesha kama maji yapita tunduni. Na hapa pana jambo la kushangaza kidogo: vyumba vyaweza kubaki vikubwa ilhali tundu lafanya kazi yake barabara. Kwa hiyo picha ya pili haisomwi peke yake. Hulinganishwa na ya kwanza, na hulinganishwa na mtoto mwenyewe: anavyonyonya, anavyotazama, kichwa kinavyokua.

Sasa mfikirie mama wa Kasansa, katika bonde la Rukwa, mkoani Katavi. Mpaka afike Mpanda amekwisha kuchoka, na kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Huko ndiko iliko Taasisi ya Mifupa Muhimbili (usilishangae jina, hata ubongo hupasuliwa hapo). Mama huyu achague nini? Mwaka 2017 ulitangazwa utafiti uliofanywa Uganda kwa watoto wachanga 100: baada ya mwaka mmoja, akili za waliotiwa mpira na za waliotobolewa hazikuonekana kupishana. Basi swali la haki ambalo daktari lazima amwulize mama ni hili: unakaa wapi? Mpira waweza kuziba hata baada ya miaka, naye yuko mbali. Tundu, likishindwa, kwa kawaida hushindwa katika miezi sita ya mwanzo, yaani wakati ule ule ambapo jirani husema, "Mtoto keshapona, mwachie Mungu."

Kumwachia Mungu ni ibada, lakini yule aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza hakuambiwa kuwa imani yake ni haba. Wala mimi simlaumu mama asiyerudi. Nauli ya pili humkuta keshauza mpunga kwa ajili ya ile ya kwanza. Sisi wa pwani twapenda kuchangia mashine, kwani mashine hubandikwa kibao chenye jina la mfadhili. Nauli haibandikwi kibao. Kwa maoni yangu safari ya pili ni fardhi kifaya: asipopatikana wa kuilipa, sote tu wadeni.

Huenda safari zenyewe zikapungua. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda, pamoja na wenzao wa Uholanzi na Marekani, waliunganisha hapo mashine ndogo ya MRI yenye sumaku dhaifu, iliyokusudiwa khasa watoto hawa. Mpaka zienee, zahanati ya kijiji yaweza kukipima kichwa kwa utepe kila mwezi na kuandika sentimita katika kadi. Kichwa kikianza tena kwenda mbio, utosi ukituna, mtoto akitapika au macho yakielekea chini, huyo asingoje siku yake ya kliniki. Asafirishwe siku hiyo hiyo, na nauli iwe imekwisha kuwekwa kwa mtu anayejulikana.