Ujira wa Mfagiaji ni Deni la Nani?

Twataka kuwauliza neno moja. Mtu akikubali ujira mdogo kwa hiari yake, je, yule anayempa amekwisha kutimiza haki? Wengi watajibu upesi, Naam, maana walipatana. Sisi nasi tulijibu hivyo zamani, hata tulipopata habari za mji wa Baltimore, katika nchi ya Marekani.

Mji ule ulikuwa na desturi ya kuwapa makandarasi kazi zake, kama kufagia shule na kusafisha ofisi. Kila mkandarasi alitaja bei yake, na mwenye bei ndogo ndiye aliyepewa kazi. Jambo hili lina busara yake, kwa kuwa fedha ya mji ni fedha ya watu wote. Lakini ufagio ni ule ule, na sakafu ni ile ile. Pa kupunguzia ni wapi, ila katika mkono wa mfagiaji? Sheria ya nchi wakati ule ilitaka ujira usiopungua dola 4.25 kwa saa.

Basi wachungaji wa makanisa ya mji, walioungana katika chama kiitwacho BUILD, waliona ajabu. Walikuwa wakiwagawia maskini chakula, na katika waliokuja kula walikuta watu wenye kazi, waendao kazini kila siku, ila ujira wao hauwatoshi. Hapo hesabu ilifunuka. Ile bei ndogo iliyomfurahisha mtunza hazina haikuwa ndogo hata kidogo. Sehemu yake ilikuwa ikilipwa jikoni mwa kanisa, kwa sadaka za watu ambao hawakuulizwa.

Wachungaji pamoja na chama cha wafanyakazi wakauendea mji. Mwishoni mwa mwaka 1994, wakati wa Meya Kurt Schmoke, sheria ikapita: mkandarasi wa mji awalipe watu wake dola 6.10 kwa saa tangu 1995, kisha ujira upandishwe hatua kwa hatua hata dola 7.70. Miji mingine mingi ya Marekani ikafuata.

Mtu atasema, Mkandarasi atawapunguza watu. Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Tena saa zikipunguzwa, ujira mnono wa saa mbili haumshibishi mtu. Wala sheria ile haikumgusa mfagiaji wa duka, ambaye njaa yake ni ile ile. Twakiri hayo yote. Lakini mji hauwezi kunawa mikono na kusema, Aliyemwajiri ni mkandarasi, si sisi. Sakafu ni ya nani?

Na yale mapatano je? Mwenye kazi aweza kungoja hata kesho kutwa apate mtu mwingine; mwenye watoto wenye njaa hawezi kungoja hata jioni. Hiari ya huyu na hiari ya yule si sawa.

Sisi wenyewe tulipata kupatana na mama mmoja afagie madarasa. Tulitaja ujira, naye akakubali mara moja, wala hakutaka kuongezwa. Tulirudi nyumbani tumefurahi. Hatukumwuliza kwa nini alikubali upesi vile.