Kuchagua Mtaa: Maneno Juu ya Mtu Ahamiaye Mji na Kupenda Nyumba za Kale

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia waja wake majumba yao kuwa mahali pa utulivu. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, aliyeuhama mji aliokuwa akiupenda akaenda akaustawisha mwingine, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya haya. Kuhama kumekuwa jambo la kila siku. Kijana wa Lamu hupata kazi Mombasa, mtu wa Tanga hupelekwa Unguja, na mzee wa Mombasa humfuata mwanawe Dar es Salaam. Na kila ahamiaye huulizwa na mkewe swali moja kabla ya mengine yote, nalo ni kukaa wapi. Wengi hulijibu kwa kutazama mfuko wao, wala katika hilo hapana lawama. Lakini wako watu ambao wakifika mji wa ugeni huulizia mtaa wa kale: mtaa wa nyumba za mawe na milango ya nakshi, wenye vichochoro visivyopitika kwa gari, ambao mwenye kukaa humo huenda kwa miguu yake msikitini na sokoni, na watoto wake wakaenda chuoni bila ya kupandishwa chombo. Mombasa huelekezwa Kibokoni na Kuze na Ndia Kuu. Unguja huelekezwa Mji Mkongwe. Lamu hahitaji kuelekezwa, kwani akishuka gatini amekwisha fika.

Swali lililo mbele ya msomaji ni hili: mapenzi haya ni ya namna gani? Je, ni katika mambo ya dini, au ni pambo la dunia lililovikwa kilemba? Na mtu aingiapo katika mtaa kama huo, je, mtaa unamdai kitu?

Haifai kuanza kwa kumlaumu, kwani kwenda kwa miguu kuna fadhila yake iliyo wazi. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kwa riwaya ya Ubayy bin Kaab, habari ya mtu katika Ansari ambaye nyumba yake ilikuwa mbali na msikiti kuliko nyumba za watu wote, wala sala haikumpita. Akaambiwa anunue punda wa kumpanda gizani na wakati wa jua kali. Akajibu kwamba hapendi nyumba yake iwe ubavuni mwa msikiti. Anataka aandikiwe mwendo wake wa kwenda na mwendo wake wa kurudi. Bwana Mtume akambashiria kuwa Mwenyezi Mungu amemkusanyia yote hayo. Basi msomaji na atazame vizuri: mtu yule hakusifiwa kwa ukaribu wa nyumba, alisifiwa kwa nyayo. Na asemaye kwamba ataka nyumba ukuta kwa ukuta na msikiti kwa ajili ya thawabu tu, hesabu yake ina upungufu upande mmoja. Ukaribu una manufaa yake, hasa kwa mzee na kwa mgonjwa, lakini kilicho na thamani katika mtaa wa kale ni kuwa njia yake yaendeka kwa miguu, na ya kuwa njiani mna watu.

Kwani apandaye gari lake akashuka mlangoni mwa msikiti amesali jamaa, na thawabu ya jamaa aipata. Bali tangu nyumbani kwake hata msikitini hakumsalimu mtu, wala hakuondoa mwiba njiani, wala hakujua kuwa fulani hakuonekana tangu alfajiri ya jana. Na apitaye kichochoroni hawezi kukwepa haya hata akitaka. Mabaraza yamejengwa pande mbili, na wazee wameketi. Bwana Mtume aliwakataza masahaba kukaa njiani, na waliposema kuwa hawana budi na mabaraza yao hayo, aliwaamrisha waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Hadithi hii i katika Bukhari na Muslim. Baraza la mawe la pwani ni chuo cha kuisomesha hadithi hiyo kila jioni, ijapokuwa wako waketio humo ambao hawajaifikia hata sehemu ya kwanza ya somo.

Tena nyumba zenyewe zina adabu ndani yake. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 wa Masihiya, ametaja katika Minhaji, mlango wa sulhu, ya kuwa njia ipitayo watu wote haifai kufanywa jambo la kuwadhuru wapitao. Na mwenye kutokeza dari juu yake hana budi kuinyanyua hata mtu apite chini yake akiwa amesimama wima. Na aliyefika Lamu ameyaona mawikio, zile vyumba zilizopita juu ya njia zikaunganisha nyumba na nyumba, na watu hupita chini yake bila ya kuinama. Pengine fundi aliyeyajenga hakuisoma Minhaji hata ukurasa mmoja. Lakini aliyemwamrisha kujenga alikuwa akiwaogopa jirani zake, na jirani zake walikuwa wakiijua haki yao. Basi kitabu kikaandikwa kwa mawe na chokaa. Hali kadhalika daka na tekani: mgeni hukaribishwa kivulini, na macho yake yasifike ndani.

Na kuta za mitaa hii hushirikiana. Boriti ya huyu hukaa katika ukuta wa yule. Bwana Mtume alikataza jirani asimzuilie jirani yake kuingiza boriti katika ukuta wake, na Abu Huraira alipowaona watu wamelipa mgongo neno hilo aliwakemea sana. Katika madhehebu ya Imam Shafii, kauli yake ya kale ni kuwa jambo hili ni wajibu. Na kauli mpya, nayo ndiyo itegemewayo, ni kuwa mwenye ukuta halazimishwi, ila ni wema kwake kukubali. Kauli hii mpya yafaa kukumbukwa, kwani juu yake ndipo linapozunguka jambo lote hili: yako mengi ambayo sheria humwachia mtu hiari yake, na mtaa hauwezi kusimama watu wote wakiishika hiari hiyo mpaka mwisho wake.

Huenda mtu akapinga akasema: imepokewa kuwa nyumba yenye nafasi ni katika mambo ya kheri ya mtu, na nyumba finyu ni katika mashaka yake, na nyumba zenye nafasi leo ziko mitaa mipya, penye ua na bustani. Neno hili ni la kweli, wala mwenye watoto wanane asidanganywe na nakshi ya mlango akawalaza katika chumba kimoja kisichopata upepo. Lakini katika hadithi hiyo hiyo jirani mwema ametajwa pamoja na nyumba pana. Na Bibi Aisha alipouliza kuhusu jirani wawili, ni yupi ampelekee zawadi, aliambiwa ni yule ambaye mlango wake uko karibu. Katika mtaa ambao kila nyumba imezungukwa na ukuta mrefu na mlinzi getini, mtu huyo ataupimaje ukaribu wa milango? Sahani ya futari itasimama kwa mlinzi.

Sasa ufikiwe upande mzito. Ichukuliwe mfano wa mtu aliyepata nyumba aitakayo: ya mawe, karibu na msikiti, dari ya boriti, kodi si haba lakini aiweza. Chini ya nyumba hiyo anakaa mjane aliyepanga miaka thelathini kwa kodi ya zamani. Mwenye nyumba asema: ukinilipa mara mbili ya alipayo huyu, mwisho wa mwezi nitamtoa, na nyumba yote itakuwa yako. Je, akubali?

Hukumu ya fiqihi ina sehemu mbili. Ikiwa mwenye nyumba na yule mjane wamekwisha kuridhiana wazi juu ya kodi ya kuongeza muda, basi kuingia kati kwa bei kubwa zaidi ni katika yale yaliyokatazwa, kwani imekatazwa mtu kupandisha bei juu ya ndugu yake baada ya maelewano, na kukodi ni kuuza manufaa. Na ikiwa muda umekwisha wala hawajaelewana, mali ni ya mwenyewe, amkodishe amtakaye. Wala jirani hawana la kumzuia. Hata katika kuuza, Imam Shafii hakumpa jirani haki ya shufaa. Shufaa ni ya mshirika katika milki, kinyume cha wafuasi wa Imam Abu Hanifa waliompa jirani pia. Kwa hivyo katika miji ya pwani, iliyo ya Shafii, mgeni mwenye fedha aweza kuununua mtaa mzima nyumba baada ya nyumba, na kadhi asipate njia ya kumwambia neno.

Wako watakaosema: basi mambo yamekwisha, ni halali. Wala hayajakwisha. Sheria ilipoacha mlango huu wazi haikusema kuwa kila apitaye ni mwema. Imewaachia watu dhamiri zao wauchunge. Na katika Bukhari mna neno litoshalo kwa mwenye kuzingatia. Banu Salima walikuwa wakikaa mbali, pembeni mwa Madina, wakataka kuhamia karibu na msikiti wa Bwana Mtume. Nia yao yapendeza: nani asiyetamani kukaa hapo? Naye akawataka wabaki katika majumba yao, akawaambia kuwa nyayo zao huandikwa. Na Anas ametaja sababu: Bwana Mtume alichukia Madina iachwe tupu. Yaani hakutazama faida ya ahamiaye peke yake. Alitazama pia pale mahali patakavyokuwa baada ya kuhama kwake, pabaki na nani, na mji utasimamaje.

Banu Salima wangeacha pengo kwa kutoka. Mgeni wa leo huacha pengo kwa kuingia, na kipimo ni kimoja. Mjane yule akitoka, hatoki na godoro lake tu. Yeye ndiye ajuaye ni mtoto wa nani anayelia, na ni nani wa kuitwa panapo maiti. Atakwenda kupanga chumba nje ya mji, na kichochoro kitakuwa kimebaki na nakshi. Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001, na sifa hiyo imeleta ulinzi wa majengo; pia imeleta wapenzi wengi, na nyumba za watu zikageuzwa nyumba za wageni. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, lilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, habari zilienea ulimwenguni. Mtaa unapoondokewa na watu wake mmoja mmoja, hakuna litangazwalo.

Na mwenye kudhani kuwa baraka ya mtaa ni katika mawe yake na atazame habari za Habib Swaleh, radhi za Mungu ziwe juu yake. Alitoka Ngazija akahamia Lamu katika karne ya kumi na tisa. Naye ni Sharifu, na Mkomani palikuwa na majumba ya mawe na watu wenye heshima zao. Akakaa Langoni, katika watu wa nyumba za makuti, masikini na waliokuwa watumwa, akawasomesha. Msikiti wa Riyadha ukasimama huko. Alifariki mwaka 1935, na hata leo watu husafiri kutoka pwani yote kwenda kuhudhuria Maulidi mahali pale ambapo mgeni mwenye kuchagua kwa macho asingepachagua. Utukufu wa Langoni uliletwa na mhamiaji.

Basi kwa mtu yule na nyumba yake. Haikuharamishwa kwake kupenda mtaa wa kale, na zimo nyumba zilizo tupu kwa kuvuja dari, ambazo warithi wake hawana uwezo wa kuzitengeneza. Akikodi moja katika hizo, akatia boriti mpya na chokaa, amefufua wala hakumtoa mtu. Zimo pia nyumba za wakfu zitakazo mpangaji mwaminifu alipaye kwa wakati. Hizo azichunge, asidai upunguzaji usio haki, kwani kodi yake ina wenyewe. Na kabla ya kufunga mkataba aende mtaani kwa nyakati zote tano, si asubuhi ya jua zuri peke yake. Aende isha aone taa na pikipiki zinazoingia vichochoroni kwa kasi, aende siku ya mvua aone maji yanapopita, aende alfajiri ahesabu safu. Aende pamoja na mama yake, atazame kama atazipanda ngazi zile.

Kisha amuulize mwenye nyumba ni nani aliyekuwa akikaa humo kabla yake, na amekwenda wapi. Akiambiwa ni mjane, na kuwa bado yumo mpaka mwisho wa mwezi, ashuke chini abishe hodi, amuulize yeye mwenyewe, kisha ndipo arudi kusema habari ya kodi.