Joto la Dunia na Chumo la Mikono Yetu

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyeumba kila kitu kwa kipimo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Enyi ndugu zetu! Tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo katika sehemu nyingi za mashariki na kaskazini mwa Kenya. Kisha, Aprili 2024, yakaja mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 200 katika nchi nzima, na mitaa ya Athi River, humu humu Machakos, ikajaa maji. Katika misiba hiyo yamesikiwa maneno mawili. Wa kwanza asema: "Ni kadari ya Mungu, hatuna la kufanya." Wa pili asema: "Ni viwanda vya Wazungu, sisi hayatuhusu." Katika kila neno mna kipande cha kweli, na nyuma yake mna mlango wa kukimbilia wajibu. Basi yafaa tulijue jambo lenyewe kabla ya kulihukumu.

Jua hutupa nuru. Ardhi huipokea, kisha huirudisha juu kwa joto lisiloonekana kwa macho. Angani mna hewa chache ambazo huipisha nuru lakini hulizuia joto: mvuke wa maji, hewa ya ukaa, methani na nyenginezo. Mfano wake ni shuka usiku wa baridi. Shuka haina moto wake. Kazi yake ni kuzuia joto la mwili lisipotee. Lau si hewa hizo, wastani wa joto la dunia ungalikuwa kiasi cha digrii 18 chini ya sifuri, badala ya 15 juu yake. Basi kwa asili yake shuka hii ni neema, na balaa imo katika kuzidisha. Chumvi hukoleza mchuzi, lakini ukiimimina kwa kibaba mchuzi hauliki.

Elimu hii si ya jana. John Tyndall aliipima kazi ya hewa hizi mwaka 1859, na Svante Arrhenius wa Sweden akaifanyia hesabu mwaka 1896. Kabla ya zama za viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa, sehemu 280 hivi zilikuwa za ukaa. Vipimo vilipoanza katika mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa kiasi cha 315. Leo zimepita 420. Na akisema mtu, "Huenda jua lenyewe limezidi ukali," jawabu lake ni hili: lau jua ndilo sababu, anga la juu lingepata joto pamoja na la chini. Lakini vipimo vyaonyesha la chini lapata joto, na la juu lapoa. Hiyo ni alama ya shuka, si alama ya jua.

Sababu kubwa ni kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Kisha hufuata kukata misitu, mifugo, mataka yanayooza, na saruji. Wazee wetu wa pwani walichoma matumbawe katika tanuu wakapata chokaa, na jiwe lile lilipochomwa lilitoa hewa ya ukaa. Saruji ni kazi hiyo hiyo iliyokuzwa. Viwanda vyake viko Athi River na Bamburi, na majumba yetu yamejengwa kwayo.

Ama hao wasemao kuwa Afrika haina sehemu kubwa katika dhambi hii, wamesema kweli: bara lote hutoa kiasi cha 4 tu katika kila 100. Ni haki kudai, na mfuko wa kuwasaidia walioharibikiwa ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022. Lakini tusiseme ni Wazungu peke yao. Mafuta mengi huchimbwa katika nchi za ndugu zetu Waislamu wa Ghuba, na uadilifu haumchagui jamaa.

Tena itazameni Machakos. Katika miaka ya 1930 vilima vyake vilikuwa vitupu, na udongo ukichukuliwa na maji. Serikali ya kikoloni ikawalaumu Wakamba kwa ng'ombe wao, hali ya kuwa ardhi nyingi ilikwisha kutengwa kwa walowezi. Ng'ombe walipochukuliwa kwa nguvu mwaka 1938, Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu hata Nairobi kudai haki yao. Walidai, lakini hawakuishia katika kudai. Katika miaka iliyofuata wakulima walichimba matuta ya fanya juu, wakapanda miti, wakajenga mabwawa ya mchanga katika mito mikavu. Mary Tiffen na wenzake walieleza katika kitabu cha 1994 kwamba watu walizidi mara 5 na zaidi, na mmomonyoko ukapungua. Udongo wa vilima hivi hushuka na mto Athi, nao ndio Galana, nao ndio Sabaki uitiao wekundu bahari ya Malindi. Basi mtu wa pwani asiseme, "Hayo ni ya bara." Mwaka 1998 bahari ilipopata joto la kupita kiasi, sehemu kubwa ya matumbawe yetu ilikufa, na mvuvi hakuulizwa kabila lake.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamefundisha kwamba kabla ya sala ya kuomba mvua, watu waamrishwe kutubu, kutoa sadaka na kurudisha walichodhulumu. Na toba ina sharti zake: kuacha kosa, kujuta, na kuazimia kutolirudia, na ikiwa ni haki ya mja, kuirudisha. Vipi basi tutoke uwanjani kuomba mvua, hali mikoko yakatwa, miti ya ukame yageuzwa mkaa, na mchanga wa mito ya Ukambani wachotwa usiku hata maji yakakosa pa kukaa?

Kwa hiyo twanasihi mambo matatu. Kwanza, kila msikiti uyaelekeze maji ya udhu kwenye miti. Pili, kila madrasa ipande miche na kuitunza hata ikue, kwani kupanda mti ni sadaka yenye kuendelea. Tatu, wenye sauti miongoni mwetu wawaulize viongozi, wa hapa na wa Ghuba, juu ya mafuta na misitu, kwa adabu na bila ya woga.

Kadari twaiamini, na amana pia tumebebeshwa. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutengeneza, si wenye kuharibu. Wabillahi tawfiq.