Nani Alichimba Hapa?

Kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, kuna mashimo marefu ambayo wengi huyaita mapango ya popo. Si mapango ya asili. Ni mgodi wa zamani wa kaolini, ule udongo mweupe unaotengenezewa vyombo vya kauri na karatasi. Uchimbaji ulikoma, popo wakahamia, na leo mgeni hupewa mwongozaji akaingia na tochi.

Nilipotembezwa humo, karibu maelezo yote yalihusu popo: wanakula nini, wanatoka saa ngapi jioni. Nilifurahi. Lakini njiani kurudi Gongo la Mboto nilijiuliza: je, ni haki kugeuza mahali pa jasho la watu kuwa mahali pa matembezi, bila kuwataja watu hao?

London kuna stesheni ya chini ya ardhi iitwayo Aldwych. Ilifunguliwa mwaka 1907, mwaka uleule reli ya Wajerumani inayopita Pugu ilipofika Morogoro. Ilifungwa mwaka 1994, na sasa makumbusho ya usafiri ya jiji hilo huwatembeza watu humo. Husimuliwa habari za abiria, na za wakazi waliolala humo mwaka 1940 wakijikinga na mabomu. Stesheni ina bahati: ilijengwa kwa ajili ya umma, na umma una watu wa kuusimulia. Mgodi haukuwahi kuwa na abiria. Uliwajua vibarua tu, na habari za kibarua huishia kwenye daftari la malipo, kama lilitunzwa.

Mtu atasema: mwacheni mwongozaji apate riziki. Wageni wanafuata popo, na utalii unaupa msitu thamani nyingine mbali na mkaa wa Dar es Salaam. Ni kweli, wala sitaki ziara zifungwe. Nasema tu kwamba kiingilio kinausaidia msitu, aliyechimba hakimfikii. Yeye hatuwezi kumlipa tena, ila tunaweza kumuulizia. Pugu na Kisarawe kuna wazee. Mwongozaji akikaa nao mchana mmoja, kisha akaongeza dakika tano za habari zao kwenye maelezo yake, popo hawatapungua hata mmoja. Asipofanya hivyo, mgeni ana mdomo. Na aulize.